Kabla ya kutangaza bei kwa WhatsApp, hesabu duane (forodha) kwanza

Mama mmoja wa hapa Lubumbashi alikuja kwenye ofisi yetu simu mkononi, anauza viatu kwa WhatsApp na Facebook, alikuwa ameagiza pea 40 kutoka Guangzhou na makliya (wateja) walikwisha kulipa nusu. Akauliza: "Viatu nilinunua dola 400, juu ya nini duane banahesabia 500?"

Hili swali tunalipata sana. Duane haiangalii bei ya kununulia peke yake, inachukua faktire (karatasi ya bei ya muuzaji), inaongeza transpo na asiransi (bima) mpaka kufika mpakani, ndipo inaanza kukata. Kwake ilikuwa 400, transpo 90, asiransi 10, njo ile 500. Vitu vinavyoingia Kongo vinakatwa mara nyingi kwa viwango vya 5, 10 ao 20 kwa mia. Kwa 20, ushuru ni dola 100. Kisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) 16 kwa mia, na hapa wengi wanakosea, haikatwi kwa 500 inakatwa kwa 600, maana ushuru nao unaingia ndani ya hesabu: dola 96. Jumla 196, na bado OCC (ofisi ya serikali inayokagua vitu), deklaranti (wakala wa forodha) na depo (ghala) hawajadai chao.

Sasa jumlisha ile 500 na hii 196, ni 696, gawanya kwa pea 40. Pea moja imefika 17 na zaidi, na yeye alishatangaza 15! Kila pea aliyouza anaongeza feza yake mwenyewe. Duka kubwa lililoandikishwa kwa TVA linaweza kurudishiwa ile 16, lakini kwa mama wa WhatsApp ambaye hajaandikishwa inabaki mzigo wake yote. Hii inaniuma kabisa, juu mdogo njo anabeba zaidi.

Wengi wanakimbilia gurupaji (mizigo ya watu wengi inasafirishwa pamoja), unalipa kwa kilo, wanakuambia "yote iko ndani", mzigo unapita Dar es Salaam, Zambia, unaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Si mbaya, lakini omba karatasi ya duane, maana bila ile karatasi siku wakikushika na mzigo mjini hauna cha kuonyesha. Na ukimwambia muuzaji aandike faktire ya dola 50 kwa kitu cha 400, duane ina haki ya kuikataa na kukupiga amande (faini), na koli (kifurushi) ikipotea asiransi itakulipa kwa ile 50.

Wanaotuma nje nao wasikilize, hasa wenye kuuza malakiti (jiwe la kijani) na mapambo ya shaba. Marekani ilikuwa inaachia koli za chini ya dola 800 bila ushuru, ile ruhusa iliondolewa kwa inchi zote tarehe 29/8/2025. Umoja wa Ulaya toka 1/7/2021 koli yoyote inalipa TVA, hata ya euro 10. Mukufu unafika Brussels, kliya anaombwa feza ambayo hakuambiwa, anakasirika, anakataa koli, inarudi na transpo ya kurudi ni juu yako. Kwa hiyo kabla hajalipa, muandikie wazi kwenye ujumbe nani atalipa ushuru wa kule, na akijibu, chunga ule ujumbe, usiufute.

Yule mama tulimusaidia kuandika bei mpya, 21. Makliya sita walirudishiwa feza yao, wengine walikubali.