PABX ni nini: tundu linalotoa toni na tundu linalosubiri toni

Ofisi ikihama au wafanyakazi wote wakihamia kwenye simu za mkononi, kile kiboksi kilichofungwa ukutani nyuma ya risepsheni kinang'olewa na kuuzwa bei ya kutupa, waya zimekatwa na koleo, kitabu chake hakipo. Hiyo ndo PABX. Kazi yake ni kuchukua laini chache za nje unazolipia na kuzigawia simu nyingi za ndani, na zile za ndani zinapigiana bure kwa sababu maongezi hayatoki kabisa nje ya boksi. Chukua Panasonic KX-TES824 ambayo mafundi wengi wanaijua: ikiwa haijaongezewa kadi ina laini 3 za nje na ekstensheni (yaani simu za ndani) 8, ukiichomekea kadi inafika laini 8 na ekstensheni 24. Yaani lodge ya vyumba ishirini inaweza ikaendeshwa na laini mbili tu na mgeni asijue.

Sasa shida inaanzia kwenye matundu. Yote ni madogo ya RJ11, yanafanana, ila kuna ya aina mbili zinazofanya kazi kinyume kabisa. Tundu la ekstensheni linatoa: linatoa umeme wa kuiendesha simu, linatoa toni, linatoa mlio wa kuita. Tundu la laini, lile limeandikwa CO (yaani laini ya nje kutoka kampuni ya simu), halitoi chochote, linakaa kusubiri toni itoke kwingine, yaani kwa kampuni ya simu hilo tundu linaonekana kama simu ya mezani tu. Ukilishika hili, nusu ya kazi ya wayaringi umeimaliza.

Kupima ni rahisi. Chomeka simu ya mezani ya kawaida kwenye tundu, ukisikia toni ujue linatoa, ukisikia kimya linasubiri (au limekufa, lakini hayo ni mengine). Mwenye multimita atakuta laini ya waya ya kampuni ya simu ina kama volti 48 DC ikiwa haitumiki, ukiinua mkono wa simu zinashuka mpaka chini ya 10 au hapo karibu, na simu ikiita inakuja AC inayoweza kufika volti 90 hivi. Kwa hiyo wale mnaomenya waya kwa meno, mwombe Mungu bosi asipigiwe muda huo.

Sheria ni kwamba linalotoa linaenda kwa linalosubiri. Ukiunganisha mawili yanayosubiri utapata kimya, hakuna hasara. Ukiunganisha mawili yanayotoa, kila moja linamsukumia mwenzake umeme, na mlio wa kuita ukija unaweza kuunguza tundu, na kwenye mtumba tundu likiungua ndo basi tena maana unaanza kutafuta kadi nzima.

Hapa ndo watu wanachemka na kile kiboksi cha laini ya simkadi (unaweka simkadi ndani, chenyewe kinakupa laini ya nje), ambacho sehemu nyingi ndo kimechukua nafasi ya waya wa nguzo. Mtu anaona kimeandikwa PHONE anasema aa, hii ni ya simu, anakipeleka kwenye ekstensheni, halafu akibonyeza 9 kutoka nje hapati kitu na anarudi dukani kugomba kwamba PABX mbovu. Hilo tundu la PHONE linatoa toni bwana, mahali pake ni kwenye tundu la CO.

Tuje kwenye waya zenyewe. Simu ya kawaida inatumia waya mbili tu, zile za katikati ya plagi, na nyingi hazijali ipi kulia ipi kushoto. Simu ya mfumo, ile yenye skrini na vitufe vingi ya risepsheni, inataka waya nne: za katikati ni sauti, za pembeni ni mawasiliano kati ya simu na boksi, kwa hiyo ukiikuta haionyeshi chochote kwenye skrini angalia kwanza zile mbili za pembeni kabla hujamlaani aliyekuuzia. Kebo moja ya Cat 5 ina jozi nne, inabeba simu nne za kawaida au mbili za mfumo. Ila usichanganye jozi, ukachukua bluu moja na chungwa moja kwa kuwa ndo zilizokuwa karibu na mkono: itafanya kazi vizuri tu mezani, ukivuta mita themanini unaanza kusikia maongezi ya mhasibu.

Kwenye kununua, usichukue boksi na simu kutoka mafungu tofauti kwa kuwa zote zimeandikwa Panasonic. KX-T7730 ni ya analogi na TES824 inaipokea, simu za dijitali zilizotoka kwenye maboksi ya KX-TDA haiwezi kuzielewa hata ufanyeje. Na kuona namba ya anayepiga kunahitaji kadi yake ndani ya boksi, fungua kava uangalie kabla hujatoa hela.

Kuprogramu unakaa kwenye jeki 01 (tundu la ekstensheni ya kwanza) na simu ya skrini, unabonyeza PROGRAM halafu *#1234, hiyo 1234 ndo pasiwedi ya kiwandani. Ikikataa ujue mwenye nayo wa zamani aliibadilisha, itabidi ufute kila kitu boksi lianze upya. Baada ya hapo ekstensheni zinarudi kuwa 101, 102 na kuendelea.

Umeme ukikatika TES824 inaunganisha laini ya kwanza moja kwa moja na jeki 01, lakini ile simu ya skrini haiwezi kuishi bila boksi, kwa hiyo hapo hapo jeki 01 funga pia simu ya kawaida sambamba kwenye waya mbili za katikati. Na kama laini yako ya kwanza inatoka kwenye kiboksi cha simkadi, hakikisha kina betri.