Daraja bovu kwenye besi kongwe isiyo na freti: yasemwayo na ukweli wake

Gitaa la besi la kwanza lisilo na freti (vijiti vya chuma vinavyogawa noti kwenye shingo) kutoka kiwandani lilikuwa AUB-1 ya Ampeg, mwaka 1966. Fender walitoa besi yao ya Precision isiyo na freti mwaka 1970. Maelezo haya yanahusu daraja la mtindo wa Fender, ambalo watengenezaji wengi waliliiga: bamba la chuma lililokunjwa, skrubu tano za kulishikiza kwenye mbao, na vitandiko vinne vinavyobeba nyuzi, kila kimoja na springi na skrubu zake.

“Haina freti, kwa hiyo daraja likae popote, mpigaji atatafuta noti kwa sikio”

Dhana hii ndiyo inayoharibu besi nyingi zaidi. Sikio linaongoza kidole kimoja kwenye uzi mmoja. Likija suala la kuvuka kutoka uzi wa E (mnene kuliko wote) hadi wa G (mwembamba kuliko wote) kwa mwendo wa kasi, kidole kinategemea mazoea, na mazoea yanadai noti zote nne zikae kwenye mstari mmoja. Kitandiko kikikosea kwa milimita 4, mahali pa oktava (katikati ya uzi, noti ile ile ikiwa juu zaidi) panahama kwa milimita 2, sawa na senti 8 hivi (senti 100 ni nusu toni). Kwenye besi yenye freti chuma kinakuficha kidogo. Hapa kila kosa linasikika.

Urefu wa uzi kwenye besi hizi kwa kawaida ni inchi 34, yaani milimita 864, hivyo oktava iko milimita 432 kutoka kidaraja cha kichwani. Kama shingo haina mistari, usiviamini vitone vya ubavuni kabla ya kupima: kwenye besi nyingine vimewekwa pale ambapo freti ingekuwa, na kwenye nyingine viko katikati ya mahali pa freti mbili kama kwenye besi ya kawaida. Bandika kipande cha utepe wa karatasi, pima 432, piga mstari kwa penseli. Kisha bonyeza uzi juu ya mstari huo kwa ukingo wa kadi ngumu ya plastiki, maana nyama ya kidole ni pana mno kwa kipimo hiki. Linganisha na harmoniki ya mahali hapo hapo (noti inayotoka ukigusa uzi bila kuubonyeza) kwenye tyuna, kifaa cha kupimia noti. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kila mara kabla ya kukisogeza, na utumie nyuzi mpya, kwa sababu uzi uliochakaa unadanganya.

“Alenki (ufunguo wa pembe sita) yoyote inayoingia inafaa”

Skrubu za kupandisha vitandiko vya Kimarekani zina hesi ya 6-32 (kipimo cha inchi), na zile za pembe sita huchukua alenki ya inchi 1/16, yaani milimita 1.59. Alenki ya milimita 1.5 inaingia vizuri tu, inacheza kidogo, halafu inakula pembe za ndani. Ndivyo skrubu nyingi zinavyokufa. Za zamani zaidi zina mfereji wa bisibisi bapa, na madaraja mengi ya Kijapani yana hesi ya milimita. Pima kabla ya kuagiza kipuri, kwani hesi hizi mbili hazikubaliani hata kwa nguvu.

Skrubu ikishikwa na kutu, ng’oa daraja kwanza. Mafuta ya kulegeza kutu yakidondokea kwenye mwili wa gitaa yananyweka kwenye mbao kupitia matundu, na baadaye gundi haitashika. Acha mafuta usiku kucha, gusisha ncha ya chuma cha kulehemea risasi juu ya skrubu kwa nusu dakika, kisha ikaze kidogo sana kabla ya kuilegeza. Ikikataa bado, badilisha kitandiko hicho kimoja.

“Kitandiko au bamba likivunjika, supa gluu itaunga”

Nyuzi nne kwa pamoja zinavuta kwa karibu kilo 80. Vitandiko vingi vya bei nafuu vimesubuwa kwa aloi ya zinki, ambayo huyeyuka chini kidogo ya nyuzijoto 400, kwa hiyo usijaribu hata kuvichomelea. Bamba la chuma ni jambo jingine. Ukingo wa nyuma, unaoshika vichwa vya nyuzi, ukiinamia mbele, toa vitandiko, bana bamba kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, urudishe ukingo polepole kwa mwendo mmoja. Kuukunja huku na huko kunaupasua. Ukiona ufa kwenye mkunjo, bamba limekwisha.

“Daraja zito jipya litaifanya iimbe zaidi”

Huenda sauti ikabadilika kidogo. Tatizo la hakika ni kimo. Freti zina urefu wa milimita moja hivi, na zisipokuwepo nyuzi lazima zishuke zaidi. Daraja lenye sakafu nene linaweza kugota kabla hazijafika. Ili nyuzi zishuke nusu milimita kwenye oktava, kitandiko kishuke milimita nzima. Vikigota, weka kipande chembamba cha mbao, nusu milimita, chini ya kisigino cha shingo upande wa daraja. Pima pia umbali kati ya uzi wa E na wa G pale kwenye vitandiko, ulingane na wa daraja jipya. Na daraja la zamani lihifadhi: wanunuzi wa besi za miaka ya 1970 huuliza vipuri vya asili.

“Tundu likilegea, tia skrubu nene”

Skrubu nene hupasua mbao, na kichwa chake hakilali kwenye bamba. Njiti za kiberiti zinatosha kwa kifuniko cha plastiki, si hapa. Toboa kwa kekee ya milimita 6, gundisha kiziba cha mbao ngumu, mvule kwa mfano, subiri siku moja, kisha toboa upya kwa unene wa kiini cha skrubu bila hesi yake. Paka nta ya mshumaa kwenye hesi.

“Nyuzi zote zikitolewa, shingo itaharibika”

Hapana. Siku chache bila nyuzi hazina madhara. Ukirudisha nyuzi, iache itulie hadi kesho yake kabla ya kugusa fimbo ya shingo, ile ya chuma ndani yake inayorekebisha mpindo.

“Huo waya chini ya daraja ni mabaki, kata”

Ni ethi, waya unaounganisha daraja na ardhi ya umeme. Ukikatika, besi inavuma hadi uzime spika. Menya ncha sentimita 2, tandaza nyuzinyuzi zake chini ya bamba mahali pasafi pasipo kutu, kaza skrubu, halafu weka multimita kati ya daraja na ganda la tundu la jeki, pale unapochomekwa waya wa spika: isome chini ya omu 1. Kwenye nyuzi zilizofunikwa nailoni usitegemee jaribio la kugusa uzi kwa mkono. Gusa daraja lenyewe.