Mamba wa Bond hawakuwa wa mpira

Barazani pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kahawa chungu ikianza kuzunguka, James Bond hakosi kutajwa. Juzi ami mmoja alishikilia kuwa ile filamu ya 1973, Live and Let Die, ilitudanganya. Jasusi anaachwa kwenye kijisiwa katikati ya bwawa, mamba wanamsogelea, naye anatoroka kwa kuwakanyaga migongoni mpaka nchi kavu. Kwa ami, wale ni mamba wa mpira, na Roger Moore, aliyeigiza Bond, alikuwa akirukaruka tu.

Sivyo, ami. Mamba walikuwa hai, na Moore hakukanyaga hata mmoja. Aliyevuka ni Ross Kananga, mwenye shamba lile la mamba huko Jamaika, akiwa amevaa nguo za Bond. Mamba walifungwa miguu chini ya maji wasitawanyike. Midomo haikufungwa, na mamba haumi kwa miguu! Kananga alijaribu mara 5. Aliteleza, akaangukia majini, akarudia. Shida ni kwamba mamba nao walishaujua mchezo, wakawa wanamngojea. Mmoja alimng'ata kiatu kisiginoni. Mara ya 5 ndiyo tunayoiona, sekunde chache tu.

Watengenezaji walilipenda jina lake hata wakampa adui mkuu wa filamu, Dakta Kananga. Shukrani ya ajabu hiyo: mtu amwokoe shujaa, kisha jina lake apewe jambazi.