Uwanja tutaumaliza tu, ila vitanda mmevihesabu?

Nchi ikishapewa tu uenyeji wa michezo ya kanda, kitu cha kwanza kutoka ni picha ya uwanja, ile ya kompyuta yenye miti mingi na anga la bluu. Na kuanzia hapo miaka yote maongezi ni hayohayo, umefika asilimia ngapi, paa limepanda, nyasi zimefika? Mi nafanya kazi ya operesheni kwenye mashindano ya namna hii na si mara moja wala mbili, sasa naomba niseme kitu kinachonikera. Uwanja ukichelewa mtasemwa magazetini, mtakesha, mtaumaliza rangi ikiwa bado mbichi. Idadi ya wageni ikikosewa utasemwa na wageni wenyewe, saa nane usiku, wamesimama mapokezi na mabegi, kocha ana hasira na binti wa kuruka juu kalala kwenye begi lake.

Idadi inakuja kwa hatua. Kwanza nchi inasema itashiriki michezo gani, baadaye inasema watu wangapi kila mchezo, mwisho ndo majina, na kila hatua ina tarehe yake ya mwisho. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Kwenye maisha ya kweli nchi inaandika watu 120 maana haijui serikali yake itatoa hela ya wangapi, hela inatoka wiki mbili kabla, wanakuja 87, au kinyume chake, waliandika 40 halafu mpira wa wavu wakafuzu dakika za mwisho. Na hao watu si vitanda tu jamani. Kila mtu mmoja ni kitanda, siti ya basi, sahani tatu kwa siku, mashuka ya kufua, beji, nafasi kwenye droo na labda chumba chenye mlango mpana kama anatumia kiti cha magurudumu. Ukikosea mia, umekosea mia mara saba.

Ndo maana kikao ninachokipenda na kukiogopa kuliko vyote ni kile cha kuhakiki msafara, yaani kundi zima la nchi moja, anakuja mkuu wa msafara kabla ya watu wake, mnakaa mezani na orodha, jina kwa jina. Niliwahi kukaa na mmoja, mzee mstaarabu sana, akavaa miwani, akapitisha kalamu taratibu, akasema, "Hawa wanne hawaji, mwanangu." Nikashukuru Mungu, vitanda vinne hivyo. Akageuza ukurasa. "Ila kuna wengine tisa, wako njiani." Hawakuwa na picha, hawakuwa na namba za pasipoti, na ndege ilikuwa imebakiza masaa sita tu kutua. Sikumlaumu maana na yeye alikuwa ameambiwa asubuhi ileile. Kosa lilikuwa letu, hatukuacha vyumba vya akiba hata kimoja kwa sababu mtu wa bajeti aliona kitanda kitupu ni hasara.

Hata medali zinafuata hesabu hii, na hapa watu wanachekesha. Mtu anachukua idadi ya mashindano anazidisha kwa tatu anaagiza. Sasa kwenye judo, mieleka na taekwondo kawaida shaba zinatolewa mbili kila uzito, na timu ya soka ikishinda kila mchezaji anavishwa yake. Kiwanda kinahitaji miezi, huwezi kupiga simu Jumatano ukasema ongeza shaba arobaini.

Usafiri ndo unaoua watu kimyakimya. Jakarta mwaka 2018 kwenye Michezo ya Asia walibana magari binafsi kwa namba za usajili, shufwa siku moja witiri siku nyingine, na shule kadhaa zikafungwa ili barabara zipumue, na hiyo ni sawa kabisa, mji wenye foleni hauponi kwa kuandika "njia ya wanamichezo" kwenye lami. Lakini foleni angalau kila mtu anaiona. Kisichoonekana ni hiki. Ngumi zinaisha saa nne usiku, bondia anachaguliwa kupimwa dawa za kuongeza nguvu, anatakiwa atoe mkojo usiopungua mililita 90, na huyo mtu amekuwa akijinyima maji tangu jana ili afikie uzito. Hatoki pale mpaka atoe, msindikizaji yuko naye hatua kwa hatua. Anakunywa maji, anakaa, anazunguka, inafika saa saba kasoro. Basi la mwisho liliondoka saa tano na nusu. Nani aliandika hiyo ratiba? Mtu wa usafiri, ambaye hajawahi kukaa meza moja na mtu wa kupima dawa. Halafu sampuli nazo zina safari yake, maabara zilizoidhinishwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, ni kama 30 tu dunia nzima, kwa hiyo wenyeji wengi wanazipandisha ndege, na ndege ina ratiba yake haikusubiri.

Na pondo! Fimbo za kuruka kwa upondo zina mita nne mpaka tano, ndege ndogo haizipokei na basi la kawaida haziingii. Kama fomu yako haikuuliza "mnakuja na pondo ngapi" basi utajua uwanja wa ndege, zikiwa zimelala sakafuni na kila mtu anakutazama wewe. Bunduki za kulenga shabaha ndo usiseme, bila kibali cha polisi na forodha kutoka mapema zinabaki stoo na mchezaji anabaki mtalii.

Viwanja sividharau, ila shida yake mara nyingi iko kwenye sentimita na si kwenye paa. Chukua bwawa la kuogelea. Mtu anajenga mita 50 kamili ukuta kwa ukuta anajisifu. Sasa zile pedi za umeme za kugusia muda zina unene wa kama sentimita 1, weka mbili huku na huku, bwawa limebaki mita 49.98, fupi, na rekodi itakayowekwa humo haitambuliwi. Inabidi ukuta kwa ukuta iwe 50.02. Nimeona bwawa moja michoro iko sawa kabisa, ila fundi wa vigae alikuwa na mkono mzito kwenye gundi, ikabidi vigae vya ukuta mmoja vibanduliwe vyote upya. Hilo lilionekana kwa sababu tulileta pedi zenyewe mapema tukazifunga, sio kwa sababu kuna mtu alisoma ripoti.

Nyimbo za taifa na bendera, kwa kifupi: balozi au mkuu wa msafara asikilize wimbo wenyewe, atazame bendera yenyewe, asaini. Kuwait mwaka 2012 mshindi wa Kazakhstan kwenye kulenga shabaha alipigiwa wimbo wa kejeli uliotoka kwenye filamu ya vichekesho, na mwaka huohuo kwenye Olimpiki ya London wanawake wa soka wa Korea Kaskazini waliwekewa bendera ya Kusini, mechi ikachelewa kama saa nzima. Dakika tano za kusikiliza, basi.

Watu wananiuliza muda gani unatosha kujiandaa. Lusaka walijitoa, Maputo wakachukua na wakaandaa Michezo ya Afrika 2011 kwa muda usiofika miaka mitatu. Hanoi walijitoa 2014 kwenye ile Michezo ya Asia ya 2018, Jakarta na Palembang za Indonesia wakapokea. Barranquilla ya Kolombia walinyang'anywa michezo ya Pan American, ile ya nchi za bara la Amerika, ya 2027 na ikaenda Lima ya Peru, ambao waliiandaa 2019, viwanja viko na watu waliowahi kuifanya kazi wapo. Kwangu hao watu ndo wana thamani kuliko zege.

Kwa hiyo ukiniita imebaki miezi mitatu, sitaomba kuona uwanja. Nitaomba siku moja ya majaribio, ila yale ya kweli, sio bonanza la shule na spika mbili. Basi zitoke saa zilezile, beji zisomwe mlangoni, umeme uzimwe makusudi katikati ya mbio tuone saa za kupimia zinaendelea au zinakufa, na mtu mmoja apelekwe kupimwa mkojo saa nne usiku. Mi nitakaa kituoni nisubiri kama kuna basi litakuja kumchukua.