Je, wajua kwa nini mechi yenye ngwe nyingi kuliko zote katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani haikuchukua hata muda wa saa nne?

Kwa muda mrefu niliamini, tena nikawaeleza wengine bila haya, kwamba mechi ya Brooklyn Robins na Boston Braves ya tarehe 1 Mei 1920 ilikesha. Nilisikia "ngwe 26" nikapiga hesabu: mechi ya kawaida ina ngwe 9, hii ni karibu mara tatu, basi mashabiki lazima walinywa chai ya asubuhi uwanjani. Kumbe ilianza saa tisa alasiri pale Boston, na saa moja usiku ilikuwa haijagonga. Saa 3 na dakika 50, basi.

Aliyenipoteza ni neno lenyewe. Mtangazaji wa kandanda akisema "ngwe ya pili", ana maana ya dakika 45 nyingine. Lakini ngwe ya shambani haijui saa. Unapimiwa kipande, unalima, ukikimaliza, umemaliza. Mwenye jembe kali anarudi nyumbani saa nne asubuhi, jirani yake yumo humo mpaka adhuhuri. Wote wamelima ngwe moja.

Besiboli ni ngwe ya shambani. Timu hupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, kisha wapinzani nao huingia kupiga. Mrushaji akiwa mkali, watatu hao wanaondoka upesi. Siku hiyo majembe yalikuwa makali pande zote mbili: Leon Cadore wa Brooklyn na Joe Oeschger wa Boston walirusha ngwe zote 26, kila mmoja peke yake, bila kupokewa. Gawanya dakika 230 kwa zamu 52, mbili kila ngwe, na utapata chini ya dakika nne na nusu kwa zamu, pamoja na kubadilishana. Mwaka 1984 Chicago White Sox na Milwaukee Brewers walicheza ngwe 25, pungufu kwa moja, wakatumia saa 8 na dakika 6, tena kwa siku mbili.

Mbona hakupatikana mshindi? Brooklyn walipata pointi ngwe ya tano, Boston wakasawazisha ya sita, kisha ngwe 20 kavu. Mara nyingi unalaumiwa mpira wa enzi hizo, uliochezewa hadi ukachakaa na kuchafuka. Hiyo ni sehemu tu ya jibu, maana Boston walipiga vizuri mara 15 na bado wakaambulia pointi moja. Ngwe ya 17 Brooklyn walikuwa na watu kwenye besi zote tatu, vituo ambavyo mchezaji huvipitia kabla ya kufika "nyumbani" na kupata pointi. Mpira ukapigwa ukamrudia Oeschger, akautupa nyumbani, mmoja akatolewa. Ukaenda besi ya kwanza, ukaponyoka mkononi, ukarudishwa nyumbani, na mdakaji Hank Gowdy akajitupa kumgusa Ed Konetchy aliyekuwa anakuja mbio. Patupu.

Aliyemaliza mechi ni giza. Taa za ligi kuu zilikuja 1935, Cincinnati. Mwamuzi akaisimamisha 1–1, ingawa inasimuliwa kwamba Ivy Olson wa Brooklyn alimsihi aongeze ngwe moja tu, zitimie 27, sawa na mechi tatu kamili.

Kesho yake Brooklyn walifungwa na Philadelphia kwa ngwe 13. Keshokutwa wakarudi Boston, wakafungwa kwa ngwe 19. Siku tatu, ngwe 58, ushindi sifuri.