Paula Rego na picha zake za utoaji mimba: watu wanazusha mengi

Ukitaja picha za utoaji mimba za Paula Rego, mchoraji wa kike kutoka Ureno, lazima atokee mtu aseme huyo mama alikuwa anatafuta kiki tu. Haya tuzipitie hizo dhana.

Dhana: alichora damu na uchafu ili ashtue watu.
Ukweli: tafuta hata tone moja la damu, hulioni. Na ni makusudi, mwenyewe alisema akiweka damu watu hawataangalia. Kilichopo ni chumba, kitanda, ndoo ya plastiki. Kuna binti yuko kitandani na sare ya shule kabisa, kuna mwingine kalala miguu kaitundika kwenye viti vya kukunja maana hakuna daktari wala kitanda cha hospitali, halafu kuna anayekukazia macho mpaka wewe mtazamaji ndo unaona aibu. Hawaombi huruma hao.

Dhana: alikuwa anaishi London, ya Ureno yalimhusu nini?
Ukweli: kazaliwa Lisbon 1935, kakulia kwenye udikteta wa Salazar, na 1960 akamchora huyohuyo Salazar anaitapika nchi yake, mzee bado yuko madarakani! Alipokuwa anasoma sanaa London miaka ya 50 hata yeye aliwahi kutoa mimba, na Uingereza enzi hizo ilikuwa kosa la jinai. Baadaye akaishi Ericeira, kijiji cha wavuvi huko Ureno, akawaona wanawake masikini wanavyohangaika na hayo mambo ya kificho. Sasa Juni 1998 Ureno wakapiga kura ya maoni kuhusu kuhalalisha, "Hapana" ikapita kwa tofauti ndogo sana, na waliojitokeza hata theluthi moja hawakufika. Hiyo ndo ilimpandisha hasira, akashika pasteli, vile vijiti vya rangi, akachora mfululizo mzima.

Pasteli yenyewe watu wanaidharau, eti ya kuchorea maua. Kwake hapana, kile kijiti unakikandamiza kwa mkono wako, brashi haipo katikati, ndo maana mapaja na magoti ya wale wanawake yana uzito kweli.

Dhana: picha zake ndo zilibadilisha sheria.
Hii wanaisema mashabiki wake na wametia chumvi. Ni kweli picha zilitoka magazetini Ureno kabla ya kura ya 2007, na safari hiyo "Ndiyo" ikapata asilimia 59, sheria ikaruhusu mpaka wiki ya 10. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na wanawake wamepandishwa kizimbani hadharani kwa kutoa mimba, kesi zikawachefua watu, na wanaharakati walipiga kelele miaka. Picha zilisaidia, hazikuwa peke yake.

Na wanaosema ni mambo ya wazungu tu, 2009 alitoa picha za kuchapa kuhusu ukeketaji, na hapo mtu wa Tarime au Narok hahitaji kuelezewa.