Upendeleo Huanza Kabla Mwanahistoria Hajashika Kalamu

Msomaji anapokuta vitabu viwili vinavyolieleza tukio moja la kihistoria kwa namna zinazopingana, aghalabu huhitimisha kwamba mmoja wa waandishi anadanganya. Uongo upo, lakini sisi tunaofanya kazi na nyaraka za kale tunajua kwamba upendeleo mwingi una chanzo kingine. Huanza siku mtu anapoamua lipi liandikwe na lipi liachwe, kisha mwingine akaamua karatasi ipi itunzwe na ipi ichomwe.

Mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walipokuwa wakiidai Uingereza fidia mahakamani kwa mateso waliyoyapata enzi za Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imeficha huko Hanslope Park, kituo chake kilichoko Uingereza, maelfu ya mafaili yaliyoondolewa katika makoloni yake 37. Maagizo ya mwaka 1961 yalikataza nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali zisikabidhiwe kwa nchi zilizokuwa zikipata uhuru, na nyingine ziliteketezwa. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, hata mtafiti mwaminifu kabisa aliyesoma kila faili aliloruhusiwa kulisoma aliandika historia yenye pengo asilolijua. Hakumpendelea mtu; ushahidi ulimfikia ukiwa umekwisha kuchujwa.

Majina nayo hubeba hukumu. Mapigano ya mwaka 1857 nchini India yaliitwa na Waingereza maasi ya askari, ilhali Wahindi wengi huyaita vita vya kwanza vya uhuru, na mwandishi anayechagua jina moja amekwisha kuchagua mahali pa kusimama kabla hajaeleza lolote.

Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni pale jibu linapotangulia ushahidi. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye mahame ya Great Zimbabwe, akaona kipande cha mbao ambacho kwa rangi na harufu kilifanana na mbao ya penseli yake, akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanon na kwamba majengo yale yalihusiana na Malkia wa Sheba. Hoja hiyo dhaifu ilipokelewa kwa sababu ilikubaliana na imani iliyokuwapo, kwamba Waafrika wasingeweza kujenga kuta kama zile. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver aliipinga mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929, kutokana na vitu vilivyochimbuliwa ardhini, kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Hata hivyo, utawala wa walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, uliendelea kwa miongo kadhaa kuubana ukweli huo, kwani kuukubali kungedhoofisha madai yao juu ya ardhi.

Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwislamu wa Afrika Kaskazini, alikwisha kulieleza tatizo hili mwaka 1377. Katika kitabu chake, Muqaddimah, alitaja ushabiki wa kimadhehebu na kuwaamini wasimulizi bila kuwachunguza kuwa miongoni mwa sababu za makosa ya wanahistoria, na akaitilia shaka idadi ya wanajeshi 600,000 wa Nabii Musa kwa kujiuliza jeshi kubwa kiasi hicho lingepangwaje vitani na lingelishwaje.

Wapo wanaosema kwamba, ikiwa kila mwandishi ana mtazamo wake, basi historia yote ni maoni tu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu chanzo chenye upendeleo nacho ni ushahidi, mradi tukihoji ipasavyo. Farao Ramesses II wa Misri alichonga katika kuta za mahekalu habari za vita vya Kadesh, mji uliokuwa katika Syria ya leo, vilivyopiganwa yapata mwaka 1274 kabla ya Kristo, akijitangaza mshindi. Kumbukumbu za Wahiti, maadui zake, hazikubaliani naye, na mji wa Kadesh wenyewe ulibaki mikononi mwao. Lakini katika maandishi yale yale ya kujisifu, Farao anaeleza kwamba wapelelezi wawili walimdanganya kuwa adui yuko mbali, na kwamba wanajeshi wake walikimbia. Huenda aliyataja hayo ili ushujaa wake peke yake uonekane. Hata hivyo, hakuwa na faida yoyote ya kubuni kwamba alidanganywa, na ndiyo maana sehemu hiyo ya masimulizi yake tunaiamini kuliko tangazo lake la ushindi.